Upande wa Pili

Fundi Pazi wa Mtaa wa Aggrey aliigeuza mara mbili,
akajitazama ndani yake kama kwenye kioo, akacheka:
"Dada, hii si sidii. Hili sinia.
Lipakulie ubwabwa."

Sikucheka. Nilitaka mpira tu,
ule mwembamba unaofungua mdomo wa mashine;
wa zamani uliyeyuka, umekuwa lami.
Akanipa wa redio kaseti. Elfu tatu.
Mashine ikafungua mdomo
kama mtu aliyeamshwa, hajui mwaka.

Santuri ziko kumi na tisa.
Baba alizileta kutoka Dubai, tisini na moja,
kazi ya meli, mshahara wa miezi mitano,
na Bibi alipoona boksi limefunguliwa akauliza:
"Mchele uko wapi?"

Basi nimekaa, Magomeni Mikumi, saa tano usiku,
jirani kazima muziki wake,
waya wa njano picha, mweupe na mwekundu sauti,
kisanduku cha kunasia kinapepesa kijani,
na feni nimeizima, maana yuniti za LUKU zimebaki nne
na filamu haijui haraka.
Hapa hakuna kunakili kwa kufumba na kufumbua.
Saa mbili zake ni saa mbili zangu.
Inatazamwa, natazama,
jasho linashuka mgongoni.

Nyingine zimeoza. Kwa macho huoni,
zinang'aa kama siku ya kwanza,
ila hewa ya chumvi imepenya penye gundi,
na picha ikianza, vinyota vyekundu na bluu vinaanguka
juu ya kofia ya askari, juu ya farasi, juu ya bibi harusi,
mvua ambayo mtunzi hakuiandika.
Ya kumi na moja ilikata roho katikati ya busu.
Kwenye daftari nimeandika: Na. 11, marehemu.

Usiku wa tatu umeme ukakatika
dakika ya hamsini na mbili, zimebaki sita.
Nikatukana kwa Kizaramo cha Bibi, taratibu, gizani.
Kesho yake nikaanza upya.

Kila santuri ina pande mbili.
Filamu hukatika popote inapopenda:
mkono umeinuliwa, kofi halijatua;
mlango umegongwa, mgongaji hajulikani.
Hapo Baba alikuwa akiinuka,
anafuta vidole kwenye msuli,
anaishika santuri kwa kingo, kama chapati ya moto,
na sisi sakafuni tunagombana:
atampiga, hampigi,
kaka yangu Chande anaweka dau maandazi mawili.
Baba hasemi. Baba anajua. Anapuliza vumbi
polepole kuliko vumbi lilivyohitaji.

Kompyuta imenipa mkasi.
Nikaunga upande kwa upande, mshono usionekane;
kofi linainuka, kofi linatua,
safi.
Jumapili nikamwekea Shangazi Mwamvita.
Alitazama vizuri. Mkono ulipoinuliwa
akajishika magoti, akasimama,
akaenda jikoni kuinjika chai,
maana hapo ndipo chai ilipoinjikwa miaka yote,
na aliporudi na birika
filamu ilikuwa imemwacha mbali.
"Nani kageuza?" akauliza.
Akatazama kile kiti karibu na mashine.

Usiku huo nikafungua faili tena.
Penye mshono nikapasua,
nikaweka giza. Dakika mbili na nusu:
nilipima kwa mwili wangu mwenyewe,
kuinuka, kufuta vidole, kupuliza.

Chande yuko Mwanza siku hizi, nimemtumia.
Atapiga simu kusema faili lina kasoro,
limeganda, giza tupu.
Nitamwambia asubiri.
Nitamuuliza: atampiga, hampigi?